Franz Stuhlmann na Bustani ya Mji wa Dar es Salaam, pamoja na Habari za Kingolwira na Milima ya Uluguru

Katika maandishi ya historia ya miji ya Afrika ya Mashariki husomwa sana habari za ngome, misikiti, bandari na reli, lakini habari za bustani ni chache. Hata hivyo bustani ni ushahidi mwema wa mambo yaliyopita. Huonyesha ni mimea gani iliyoletwa, ni nani aliyeileta, ni nani aliyeipanda, na ni kwa maneno gani watu walioiona mara ya kwanza walivyoiita. Bustani ya mimea ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka wa 1893, yastahili kuchunguzwa kwa njia hiyo. Ni ya zamani kuliko ile ya Entebbe katika Uganda, iliyoanzishwa mwaka wa 1898, na ni moja katika kazi za kwanza za serikali ya Kijerumani katika mji ambao ulikuwa makao makuu kwa muda wa miaka miwili tu.

Mwanzilishi wake alikuwa Franz Stuhlmann, mwanachuoni wa elimu ya wanyama kutoka Hamburg. Katika nchi za Ulaya na Marekani kazi ya kusanifu bustani za miji ilikuwa imekwisha pata heshima ya kuwa fani peke yake, tangu Frederick Law Olmsted na Calvert Vaux walipochora mpango wa Central Park ya New York mwaka wa 1858. Stuhlmann hakuwa msanifu wa namna hiyo. Hakuchora bustani ili watu wa mji wapate kupunga hewa. Alipanda miti ili serikali ijue ni mimea gani itakayoleta faida. Lakini kwa kupanda huko aliupa mji bustani yake ya kwanza ya watu wote.

Makala hii yakusudia kuonyesha kwamba bustani ile haieleweki ikitazamwa ndani ya ua wake peke yake. Ili kuifahamu, yapasa kutazama pia uwanda wa Kingolwira na milima ya Uluguru iliyo juu yake, yatokako maji ya mji. Huko Stuhlmann alikusanya mimea mwaka mmoja baada ya bustani kuanzishwa, na huko matokeo ya kilimo kilichojaribiwa bustanini yalionekana kwa ukubwa wake. Tena yapasa kuuliza habari za watu waliofanya kazi hiyo, na wale waliomfundisha mgeni majina ya miti, maana hao hawakuandikwa.

Uwanda wa Kingolwira na mlima wake

Kingolwira iko upande wa mashariki wa mji wa Morogoro, katika uwanda unaopitiwa na reli itokayo Dar es Salaam. Kusini yake yasimama milima ya Uluguru, ambayo vilele vyake hufika zaidi ya meta 2600 juu ya bahari. Tofauti ya hali ya nchi ni kubwa katika mwendo mfupi. Mteremko wa mashariki wa milima, unaoelekea bahari ya Hindi, hupata mvua zaidi ya milimeta 2000 kwa mwaka, na uwanda hauipati hata nusu yake. Mto Ngerengere hutoka milimani, hupita Morogoro, huuzunguka uwanda, kisha huingia katika mto Ruvu. Ruvu nao hutoka Uluguru, hukata nchi ya Wazaramo, na huingia baharini karibu na Bagamoyo.

Njia ya misafara itokayo pwani kwenda bara ilipita chini ya milima hii. Katika karne ya 19 aliyetawala hapo alikuwa Kisabengo, mtu wa asili ya Kizigua, aliyejenga mji wenye boma. Baada yake alitawala binti yake, na mji ukajulikana kwa wasafiri kwa jina la Simbamwene. Henry Morton Stanley aliuona mwaka wa 1871, akausifu kwa kuta na minara yake. Aliporudi mwaka uliofuata alikuta mafuriko yamebomoa sehemu ya boma na kuchukua nyumba nyingi. Mwaka wa 1882 Mapadre wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni yao Morogoro. Kwa hiyo wakati serikali ya Kijerumani ilipofika, uwanda huu haukuwa pori lisilo na mwenyewe. Ulikuwa na mji, watawala, njia, na mashamba.

Milimani nako Waluguru walikuwa na utaratibu wao wa ardhi. Ukoo kwao hufuatwa kwa upande wa mama, na ardhi ilikuwa ya ukoo, ikigawiwa na wakuu wake. Shamba katika Kiluguru huitwa mgunda. Sehemu za msitu ziliachwa kwa ajili ya matambiko na makaburi ya wazee. Katika upande wa mashariki wa milima liko pango la Kolelo, ambalo sifa yake ilifika mpaka pwani, na Wazaramo walifunga safari kwenda huko kuomba mvua na rutuba. Jambo hili lina maana kubwa kwa habari inayosimuliwa hapa. Kabla ya mtu yeyote kupima mvua kwa chombo, watu wa nchi za chini walikwisha kujua kwamba neema ya mashamba yao yatoka Uluguru.

Maisha ya Stuhlmann mpaka mwaka wa 1893

Franz Stuhlmann alizaliwa Hamburg mwaka wa 1863. Mji huo wa bandari ulikuwa na bustani ya mimea tangu mwaka wa 1821, na biashara yake ya mbali ilileta mbegu na mizizi kutoka kila upande wa dunia. Alisoma elimu ya wanyama katika vyuo vikuu vya Ujerumani, akapata shahada ya udaktari, na mwaka wa 1888 alifika Unguja kwa ajili ya uchunguzi wa wanyama wa bahari na wa nchi kavu. Huko ndiko alikoanza kuijua Afrika ya Mashariki, na huko ndiko alikoingia katika ulimwengu wa lugha ya Kiswahili.

Mwaka wa 1890 alijiunga na msafara wa Emin Pasha uliotoka Bagamoyo kwenda kwenye maziwa makuu. Walifika ziwa Viktoria, ambako kituo cha Bukoba kiliwekwa, kisha wakaenda magharibi. Mwaka wa 1891 Stuhlmann aliupanda mlima Ruwenzori mpaka zaidi ya meta 4000, na njia moja ya mlima ule bado yaitwa kwa jina lake. Mwishoni mwa mwaka huo ndui iliingia katika msafara. Emin alimwamuru arudi pamoja na wale waliokuwa wazima, naye mwenyewe akabaki nyuma na wagonjwa. Stuhlmann alifika pwani mwaka wa 1892, na katika mwaka huo huo Emin aliuawa katika nchi ya Kongo. Habari za safari hiyo alizitoa katika kitabu kikubwa cha mwaka wa 1894, Mit Emin Pascha ins Herz von Afrika.

Msafara ule ulimfundisha Stuhlmann kuikusanya nchi kwa daftari: wanyama, mimea, vyombo, nyumba, na majina ya vitu. Aliporudi pwani serikali ilimhitaji mtu wa namna hiyo. Dar es Salaam ilikuwa makao makuu tangu mwaka wa 1891, badala ya Bagamoyo. Mji wenyewe ulianzishwa na Sultani Majid bin Said wa Unguja katika miaka ya 1860, ukadhoofika baada ya kufa kwake mwaka wa 1870. Stuhlmann alipewa kazi ya mambo ya kilimo na upimaji wa ardhi, na bustani ya mwaka wa 1893 ilikuwa mojawapo ya matunda ya kwanza ya kazi hiyo.

Bustani na maneno yake

Si kweli kwamba watu wa pwani hawakujua bustani kabla ya Wajerumani. Neno lenyewe bustani limetoka katika Kiajemi, ambako maana yake ni mahali pa harufu nzuri, likapitia Kiarabu. Pamoja nalo Kiswahili kina neno kiunga, yaani nchi ya miti ya matunda na mashamba iliyo pembezoni mwa mji. Na neno kitalu, yaani mahali palipozungushwa ua ili kupandia mimea. Masultani wa Unguja walikuwa na viunga vyenye miembe na minazi, na jumba la Sultani Barghash huko Marhubi lilizungukwa na miembe.

Lakini maneno haya matatu hayana maana moja, na tofauti yake yasaidia kueleza kilichofanyika Dar es Salaam. Kiunga ni mali ya mtu au ya jamaa, na faida yake ni matunda na kivuli. Bustani ni mahali pa kupendeza. Kitalu ni mahali pa kulea miche mpaka ipate nguvu ya kuhamishwa. Kazi ya Stuhlmann iliitwa bustani, lakini kwa hakika ilikuwa kitalu cha nchi nzima. Mimea ya biashara ilijaribiwa humo ili ijulikane ni ipi itakayostahimili joto na udongo wa pwani. Bustani ya kupendeza ilikuja baadaye, wakati miti iliyokuwa ya majaribio ilipokua na kutoa kivuli ambacho hakikuwa shabaha ya mpandaji.

Mimea mipya ilipoingia ilihitaji majina, na hapa ndipo mwenye kuchunguza lugha anapopata faida. Kiswahili kilikuwa na desturi ya zamani ya kupokea mimea. Jina la mnanasi lilikuja kwa njia ya Wareno, na mahindi yakapewa jina la Uhindi ingawa asili yake ni Amerika. Katika miaka ya Stuhlmann njia nyingine ilitumika zaidi, nayo ni kuhamisha jina la mmea wa kienyeji na kulipa mgeni anayefanana naye kwa kazi. Mkonge lilikuwa jina la mmea wa porini wenye majani marefu ambao watu walitoa nyuzi zake kwa kamba. Mwaka wa 1893 Richard Hindorf alileta vitunguu vya mmea wa Amerika wenye nyuzi bora zaidi. Katika elfu moja vilivyotoka Florida, 62 tu vilifika vizima na kupandwa karibu na Pangani. Mgeni huyo akaitwa mkonge, na leo wengi hawajui kwamba jina lilikuwa na mwenyewe wa kwanza. Vivyo hivyo mpira lilikuwa jina la mitambaazi ya msituni itoayo utomvu, kabla ya kuitwa miti ya mashamba iliyoletwa kutoka Brazil.

Stuhlmann mwenyewe aliyathamini mambo ya namna hii. Kitabu chake cha mwaka wa 1909, Beiträge zur Kulturgeschichte von Ostafrika, kinaeleza jinsi mimea ya kilimo na wanyama wa kufugwa walivyoingia Afrika ya Mashariki, na faida yake katika uchumi. Mwaka uliofuata alitoa kitabu kingine juu ya kazi za mikono na viwanda. Ni shida kupata mtumishi mwingine wa serikali ya zamani hiyo aliyeiona bustani kama sura ya mwisho ya safari ya miaka elfu na zaidi, ambayo mabaharia, wafanyabiashara na wakulima walikuwa wameifanya kabla yake.

Safari ya Uluguru mwaka wa 1894

Katika miezi ya mwisho ya mwaka wa 1894 Stuhlmann alikwenda Uluguru. Alipanda mpaka kwenye uwanda wa juu wa Lukwangule, unaopita meta 2400, ambako msitu wa mawingu hukoma na majani kuanza. Alikusanya mimea mingi, na aina kadha wa kadha zilikuwa hazijulikani kwa wanachuoni wa Ulaya. Mimea hiyo ilipelekwa Berlin, ambako Adolf Engler na wenzake waliichunguza na kuipa majina ya Kilatini. Kitabu kikubwa cha Engler juu ya mimea ya Afrika ya Mashariki, kilichotolewa mwaka wa 1895, kilitegemea sana vitu vilivyokusanywa na Stuhlmann katika safari zake zote.

Jina lake likabaki katika miti. Allanblackia stuhlmannii ni mti wa misitu ya milima ya mashariki ya Tanzania, ambao mbegu zake hutoa mafuta. Waluguru huuita mkani. Millettia stuhlmannii ni mti wa mbao ngumu nzuri, unaojulikana kwa wafanyabiashara wa mbao kwa jina la panga-panga. Kuna hata jamii nzima ya miti iitwayo Stuhlmannia.

Jambo moja la kusikitisha lafaa kutajwa. Usiku wa Machi 1943, wakati wa vita kuu ya pili, hifadhi ya mimea mikavu ya Berlin iliteketea kwa mabomu, na sehemu kubwa ya vielelezo vya Afrika ya Mashariki ikawa majivu. Mimea mingi ambayo wapagazi waliishusha kutoka Lukwangule, wakaipitisha uwandani mpaka pwani, ilipotea. Yaliyobaki ni maelezo katika vitabu, vielelezo vichache vilivyokuwa vimepelekwa mahali pengine, na majina. Hivyo kwa aina fulani za miti, msitu wenyewe wa Uluguru ndio kitabu kilichobaki.

Kwai na Amani

Bustani ya Dar es Salaam ilikuwa na upungufu mmoja ambao hakuna ustadi ungeuondoa: ilikuwa pwani. Mimea ya nchi za baridi haikuweza kujaribiwa huko. Mwaka wa 1896 serikali ilianzisha shamba la majaribio Kwai, katika Usambara ya magharibi. Baadaye Stuhlmann alisafiri mpaka Uhindi na Java kutazama jinsi Waingereza na Waholanzi walivyoendesha bustani zao. Bustani ya Buitenzorg katika Java, iliyoanzishwa mwaka wa 1817, ndiyo iliyokuwa mfano wa chuo cha utafiti kilichofunguliwa Amani, katika Usambara ya mashariki, mwaka wa 1902. Stuhlmann alikuwa mkuu wa kwanza wa chuo hicho, na zaidi ya mara moja alikaimu nafasi ya gavana.

Amani ilipata sifa duniani, na kwa Dar es Salaam maana yake ilikuwa kwamba mzigo wa majaribio uliondoka katika bustani ya mji. Tangu hapo bustani iliweza kuwa bustani kwa maana ya kawaida ya neno. Lakini Amani imeacha pia somo la kutahadharisha. Mti mmoja wa misitu ya upande wa Bukoba, uliopewa jina la Maesopsis eminii kwa heshima ya Emin Pasha, ulipandwa huko mwanzoni mwa karne ya 20. Ulikua upesi, ndege wakala matunda yake na kutawanya mbegu, na baada ya miaka mingi ukaingia katika msitu wa asili wa Usambara ya mashariki na kuchukua nafasi ya miti ya hapo. Mti huo haukutoka ng'ambo ya bahari; ulitoka katika nchi ile ile, ila upande wake wa pili. Mpanda bustani huhamisha mti kwa siku moja, na huenda matokeo yake yakaonekana wakati wajukuu wake wamezeeka.

Mikono iliyofanya kazi

Katika taarifa za serikali bustani ni kazi ya mkuu wa idara. Lakini mkuu wa idara hakuchimba mashimo wala kuchota maji. Kazi ngumu za mji wa Dar es Salaam katika miaka ya Wajerumani zilifanywa na vibarua, na pamoja nao wafungwa waliofungwa kwa minyororo shingoni. Katika kumbukumbu za wazee wa pwani, mnyororo ni neno lililokuwa na maana ya serikali yenyewe. Njia zilizopandwa miti, ambazo wageni walizisifu, zilitokana na kazi ya watu ambao hawakutazamiwa kutembea kwa starehe chini ya vivuli vyake, maana upande ule wa mji ulitengwa uwe wa Wazungu.

Jambo la kilimo lilikuwa zito zaidi. Serikali ambayo Stuhlmann aliitumikia haikuridhika na kujaribu mimea bustanini. Tangu mwaka wa 1902, wakati wa Gavana von Götzen, watu wa vijiji vya pwani na kusini walilazimishwa kulima pamba katika mashamba ya pamoja kwa malipo hafifu. Mwezi wa Julai 1905, katika nchi ya Wamatumbi, watu waling'oa mipamba katika shamba la serikali, na tendo hilo likawa mwanzo wa vita vya Maji Maji, ambavyo vilienea kusini yote na kufika mpaka upande wa Kilosa. Ni jambo la kutafakari kwamba tangazo la vita lilikuwa kung'oa mche. Watu wale walielewa barabara kwamba mmea uliotoka katika majaribio ya serikali haukuwa mmea tu, ulikuwa amri.

Uwanda wa Kingolwira uliona mabadiliko hayo kwa namna yake. Reli ilianza kujengwa mwaka wa 1905 na kufika Morogoro mwaka wa 1907. Mashamba makubwa ya mpira na mkonge yalifuata njia yake. Bei ya mpira iliporomoka mwaka wa 1913, na mkonge ukashika nafasi, mpaka ukawa sura ya nchi yote kati ya Ngerengere na Morogoro: mistari iliyonyoka, majani kama mikuki, na milima ya Uluguru nyuma yake. Baadaye, wakati wa utawala wa Waingereza, Kingolwira palijulikana kwa gereza lake lenye mashamba makubwa. Kwa hiyo lile jambo lililoonekana Dar es Salaam katika miaka ya 1890, yaani nchi kutengenezwa kwa mikono ya wafungwa, lilipata makao ya kudumu chini ya milima hii.

Milimani nako mipaka iliwekwa. Mwaka wa 1909 serikali ya Kijerumani ilitangaza misitu ya juu ya Uluguru kuwa hifadhi. Shabaha ilikuwa njema, maana bila msitu mito hukauka. Ila mpaka uliwekwa bila ya kuwauliza wenye koo ambao makaburi na matambiko yao yalikuwa humo. Miaka arobaini baadaye Waingereza walirudia kosa hilo hilo kwa njia nyingine. Kuanzia mwaka wa 1950 Waluguru walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi katika miteremko ili kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Kazi ilikuwa nzito, faida haikuonekana, na mahali pengine udongo mzuri ulifukiwa chini. Mwaka wa 1955 ghasia zilitokea upande wa Matombo, mtu mmoja akafa, na mpango ukaachwa. Tangu mwaka wa 2008 misitu hiyo imekuwa hifadhi ya mazingira asilia, lakini shauri la mpaka kati ya msitu na mgunda halijaisha.

Bustani baada ya mwanzilishi wake

Stuhlmann aliondoka Afrika ya Mashariki na kurudi Hamburg, ambako tangu mwaka wa 1908 alifanya kazi katika chuo cha mambo ya makoloni cha mji huo. Alikufa huko mwaka wa 1928. Nchi aliyoipima na kuiandika ilikuwa imekwisha toka mikononi mwa serikali yake.

Bustani yake ilibaki. Waingereza waliitunza, na karibu yake wakajenga jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka wa 1940, ambalo leo ni Makumbusho ya Taifa. Mtaa upitao hapo umepewa jina la Shaaban Robert, na hivyo bustani iliyoanzishwa na mgeni aliyeandika majina ya miti ina jirani mwenye jina la mshairi aliyeitukuza lugha ambayo miti hiyo iliitiwa. Barabara kubwa iliyo karibu iliitwa na Wajerumani kwa jina la miti ya akasia, Waingereza wakalihifadhi jina hilo katika lugha yao, na baada ya Uhuru likaondoka; sasa ni Barabara ya Samora. Ndani ya bustani bado yaonekana minazi na mitende ya namna nyingi, mikrismasi yenye maua mekundu, na mjakaranda. Umo pia mnazi wa Shelisheli, ambao mbegu yake ni kubwa kuliko mbegu zote za mimea duniani.

Lakini uhai wa bustani hiyo, kama uhai wa mji wote, haumo ndani ya ua wake. Tangu mtambo wa maji wa Ruvu Juu ulipofunguliwa mwaka wa 1959, Dar es Salaam imekunywa maji ya Ruvu, na Ruvu hutoka Uluguru. Bustani na mlima, ambavyo Stuhlmann alivishughulikia katika miaka miwili iliyofuatana, vimeunganishwa kwa mabomba. Wazaramo waliokwenda Kolelo kuomba mvua hawakuwa mbali na ukweli huo.

Hukumu

Ikiulizwa Stuhlmann apewe nafasi gani katika historia, yafaa kuepuka njia mbili zilizo rahisi. Ya kwanza ni kumsifu kuwa aliyeleta bustani katika nchi isiyokuwa nayo. Viunga vya pwani na migunda ya Uluguru vyakanusha neno hilo. Ya pili ni kumhesabu kuwa mtumishi wa dola tu. Alikuwa mtumishi wa dola, na maarifa yake yalitumiwa na dola hiyo. Lakini pia alikuwa na sikio. Alitambua kwamba jina la mmea ni habari ya historia, akayafuata majina hayo mpaka Uhindi, Uajemi na Amerika.

Upungufu wake mkubwa kwa wanachuoni wa lugha ni mwingine. Katika fani yake kila mmea uliokusanywa hupewa nambari, tarehe, mahali ulipochumwa, na jina la mkusanyaji. Jina la mkusanyaji ni Stuhlmann. Lakini yeye hakujua njia ya Lukwangule mpaka alipoonyeshwa. Hakujua mti huu huitwaje na ule unatumika kwa nini mpaka alipoambiwa. Mluguru aliyesimama chini ya mti, akautaja jina lake na kusema kwamba mbegu zake zina mafuta, hakuandikwa. Jina la mti limehifadhiwa, jina la mwalimu limepotea. Kupotea huko si kwa moto wa mwaka 1943; kulitukia siku ile ile daftari lilipofungwa.

Padre Charles Sacleux, aliyefika Unguja mwaka wa 1879 na ambaye kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ilianza kutolewa mwaka wa 1939, alikuwa mkusanyaji wa mimea vilevile, na kamusi yake imejaa majina ya miti kwa sababu hiyo. Kazi yake na ya Stuhlmann zaonyesha kwamba elimu ya mimea na elimu ya maneno zilikuwa ndugu mwanzoni. Kutengana kwao baadaye kumeleta hasara. Katika Uluguru miti mingi yajulikana kwa majina ya Kiluguru ambayo hayamo katika kamusi yoyote ya Kiswahili, na vijana walioshuka uwandani, Kingolwira na Morogoro, kutafuta kazi hutumia majina machache zaidi kuliko wazee wao. Msitu ukikatwa jina hubaki kwa muda bila ya kitu chake. Mzee akifa kitu hubaki bila ya jina.

Yapasa basi kazi iliyoanzwa na Stuhlmann imalizwe, na safari hii kwa ukamilifu. Majina ya miti ya Uluguru yakusanywe pamoja na maana na matumizi yake, na kando ya kila jina liandikwe, kwa idhini yake, jina la yule aliyelitaja.